Firigisi Niliyoshindwa Kuikataa

Milioni kumi na sita, laki mbili na elfu arobaini. Nimezihesabu mara mbili na mara zote mbili zilikataa kupungua. Humo kuna upasuaji wenyewe, vipimo, dawa, chumba tulichopanga mimi na mdogo wangu aliyenisindikiza, na nauli ya basi kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam: kiti kimoja cha mdogo wangu, viwili vyangu. Kurudi pia nililipia viwili, maana tumbo la ndani lilikuwa limeshakatwa lakini la nje lilikuwa bado halijapata taarifa. Humo humo kuna laki nane za kahawa ya mama yangu. Hizo nitazieleza kivyake, kwa sababu zilipatikana kwa uongo na uongo wenyewe ulikuwa wangu.

Mimi nauza mchele na maharage kwa jumla Tunduma, na nyumbani kwangu ni Chapwa. Kabla ya kisu nilikuwa na kilo mia moja thelathini na saba. Najua kwa sababu nilijipima mwenyewe kwenye mzani wa magunia baada ya kufunga duka, nikashuka, nikapanda tena nikidhani mzani umekosea. Nilikuwa na kisukari, nilikuwa na presha, na magoti yalikuwa yanalia nikipanda ngazi tatu za benki. Daktari aliniambia kwamba kwa hali yangu dawa zinashindana mbio na mwili, na mwili ndio uko mbele. Akanichorea kwenye karatasi: watakata tumbo, watabakiza kifuko cha kuingia yai moja, watakiunga na utumbo kule chini. Nikamuuliza kama yai lenyewe ni la kuku wa kienyeji au wa kisasa. Hakucheka. Alisema la kienyeji.

Sitasema nilitapeliwa. Kisukari kiliondoka, presha ikashuka, magoti yakanyamaza. Yale niliyokwenda kuyatibu yalitibika, ila nafasi yake haikukaa wazi. Huu ni mwaka wa tatu. Damu yangu haitoshi, kwa hiyo kila baada ya miezi michache nalala hospitali nusu siku nikiwa nimetundikiwa dripu ya madini ya chuma. Kila mwezi nachoma sindano ya vitamini. Asubuhi ni vidonge vitano, mchana viwili, na kuna ambavyo havitaki kukutana njiani. Nywele zilitoka, zikarudi nusu. Baridi ambayo zamani nilikuwa naisikia kwa watu sasa naijua mwenyewe. Navaa sweta mbili saa saba mchana.

Kula kumekuwa kazi yenye ratiba. Nakula mara sita kwa siku, kila mara kiasi cha kifuniko cha chupa ya chai, kile ambacho watu hukigeuza kikombe. Natafuna mpaka chakula kinasahau kilikuwa nini. Maji siyanywi pamoja na chakula, nasubiri nusu saa. Nikikosea, nikala haraka au nikagusa kitu kitamu, moyo unaanza kukimbia, jasho linanitoka, mikono inatetemeka, na lazima nilale hapo hapo juu ya magunia. Wateja wangu wa siku nyingi wamezoea. Wanakaa kwenye benchi wakisubiri mama afufuke, ndipo tuendelee kubishana bei. Baada ya saa moja au mbili sukari inaweza kushuka ghafla nikaona giza, na kwa ajili hiyo natembea na pipi mfukoni. Sukari ile ile niliyoifukuza kwa milioni kumi na sita. Pipi moja hainiinui vizuri, mbili zinaniangusha upya, kwa hiyo nanyonya moja na nusu, ile nusu nyingine naifunga kwenye karatasi yake.

Watu wa sokoni hawakuambiwa kitu, wakajiambia wenyewe. Wengine walisema nimekanyaga miwaya, yaani nina virusi, wakaanza kunisalimia kwa sauti ya msibani. Mteja wangu mmoja, mwanamke wa upande wa Zambia, alikuwa muwazi zaidi.

"Ba mayo, mwaonda," aliniambia kwa Kibemba chake, kwamba mama, umekonda. "Kitu gani?"

"Bei ya mchele."

"Ikishuka utanenepa?"

"Ikishuka nitakufa kabisa. Unachukua magunia mangapi?"

Aliyeniumiza ni tajiri anayeniletea mzigo kutoka Msangano. Miaka yote alikuwa ananipa mali kauli: nachukua mzigo kwa neno langu tu, nauza, ndipo nalipa. Siku moja akashusha magunia nusu, akafunga turubai.

"Safari hii ni keshi, mama."

"Mimi na wewe miaka tisa."

"Ndiyo. Ila miaka tisa yote ulikuwa na mwili."

Sikumlaumu sana. Na mimi mteja wangu akikonda namna ile ningepiga hesabu hiyo hiyo.

Sasa mama. Mama yangu anaishi Hasamba, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba, na ana shamba la kahawa nyuma ya nyumba na jingine bondeni. Yeye sikumwambia ukweli. Ningeanzia wapi? Kuna mwaka nikiwa mdogo mahindi yalikosa, na yeye akawa anatupakulia sisi halafu anasema ameshakula jikoni. Jikoni kulikuwa hakuna kitu, niliingia nikaangalia. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje kwamba unalipa mamilioni ili usiweze kula? Nikamwambia nina uvimbe tumboni, unatakiwa kutolewa. Akaingia ndani, akatoka na laki nane zimefungwa kwenye pindo la kitenge, malipo ya kahawa ya msimu mzima. Nilikuwa nimepungukiwa laki sita tu. Nilizipokea zote. Na kwa mazoea yangu mabaya nilizihesabu mbele yake, mara mbili.

Baada ya hapo, kila nikienda Hasamba shida ilikuwa chakula. Ukisema umeshiba na ndiyo kwanza umeshuka kwenye bodaboda, nani atakuelewa? Lakini nilipata njia. Nyumbani wanawake tunakula jikoni, sinia moja, ugali katikati na mboga pembeni, na kwenye sinia moja hakuna anayehesabu isipokuwa mimi. Shangazi yangu, dada wa baba, anakwenda matonge kumi na manne. Mdogo wangu tisa. Mimi nilikuwa nanyoosha mkono kila wanaponyoosha, narudi na kipande cha ukubwa wa kucha, natafuna mpaka zamu zao tatu zinapita. Naondoka nimekula matonge matatu, na sifa ya mlaji nimeibakiza. Mdogo wangu alijua siri, akawa anakula haraka haraka ili kunifunika. Alisema ni kazi ngumu lakini amejitolea.

Msimu uliopita wa kuvuna kahawa nilikwenda Jumamosi moja, mama akachinja jogoo. Sinia lilipowekwa nikanawa, nikataka kukaa upande wangu wa siku zote, naye akanishika bega.

"Wewe usikae hapo. Hawa wanakula kama wanafukuzwa. Ndiyo maana huongezeki."

"Mama, mimi nashiba tu hapa."

"Nimekuwa nakuangalia. Shangazi yako peke yake anakumaliza."

Shangazi hakuacha kutafuna. "Mimi nakula cha kaka yangu," alisema.

Mama akanisogezea kigoda na sahani ya peke yangu: ugali wa kumtosha mbeba magunia, paja la jogoo, na juu ya paja, firigisi. Kwetu firigisi ni ya mwanaume mwenye nyumba. Baba aliila mpaka alipofariki, na tangu hapo sikuwa nimeiona tena kwenye sahani ya mtu.

"Unawasomesha wadogo zako, mbolea unanunua wewe," mama akasema. "Kwa hiyo baba ni wewe. Kula."

Kwenye biashara najua kukataa. Nimewakataa madereva wa malori, nimewakataa madalali wanne kwa pamoja. Ile firigisi sikuweza. Niliiuma, nikatafuna hadi arobaini, nikatafuna arobaini nyingine, na firigisi ikabaki firigisi. Mama alikuwa amekaa mbele yangu, mikono juu ya magoti, anaangalia koo langu. Nikameza.

Ilikwama chini ya kifua. Mate mazito yakajaa mdomoni, na maumivu yakawa kama mtu ameniwekea ngumi kwa ndani. Nikatoka mbio hadi nyuma ya migomba, na baada ya muda firigisi ikarudi ilivyokwenda. Niliporejea jikoni nikiwa mwepesi, mama alikuwa ameshamimina chai ya maziwa ya kunirudishia nguvu, na chai ya mama ina sukari ya harusini. Niliinywa yote, maana sikuwa na nguvu ya kutunga sababu nyingine. Haikuchukua dakika ishirini: moyo, jasho, mikono. Nikalala kwenye mkeka, sweta mbili zimelowa.

Mama alipiga magoti akanishika paji la uso. "Umerudi," alisema.

"Nani?"

"Uvimbe."

Halafu akamgeukia shangazi wakaongea kwa Kinyiha, haraka, akidhani mgonjwa hasikii. Nilisikia vizuri. Kuna mtu alikuwa analiulizia lile shamba la bondeni mwaka mzima, kesho aitwe. Hospitali ya kwanza haikuutoa uvimbe vizuri, safari hii itafutwe nyingine, na hela ipatikane yote kwa pamoja, siyo ya kuokoteza.

Ile kahawa ya bondeni aliipanda yeye na baba. Nilikuwa natetemeka, lakini najua mashamba ya kule yanauzwaje na mtu mwenye mgonjwa anauza kwa bei gani.

"Mama, usiuze. Hakuna uvimbe."

"Lala."

"Haukuwepo hata mwanzo."

Akakaa kitako. Shangazi naye, kwa mara ya kwanza, akaacha kutafuna. Nikamwambia yote nikiwa pale pale kwenye mkeka: kisukari, mzani wa magunia, yai la kuku wa kienyeji, kifuniko cha chupa ya chai ninachopimia chakula. Mdogo wangu akawa anaangalia moto kama vile ndio unaoongea.

"Mimi nimeuombea huo uvimbe miaka miwili," mama akasema. "Kina mama wa kanisani wameuombea. Kila Jumatano."

"Najua, mama."

"Sasa tumeombea nini?"

 Shangazi ndiye aliyejaribu kumjibu. "Labda yameingia kwenye kisukari," alisema. "Si kimepona."

Mama hakucheka. Alitoka akaenda kwenye vichanja vya kuanikia, na nikamsikia anageuza kahawa ambayo ilikuwa imeshageuzwa. Nimewahi kusubiri majibu ya damu, nimewahi kusubiri mzigo uliozuiwa mpakani. Sijawahi kusubiri kama vile. Jasho lilikauka, mikono ikatulia, na bado alikuwa anageuza kahawa.

Aliporudi alikuwa ameshika kifuniko cha chupa ya chai.

"Ulisema hiki?"

"Hicho. Kisijae sana."

Akakigeuza geuza mkononi. "Ungeniambia, ningekupimia humu tangu mwanzo. Na firigisi ningekula mwenyewe."

Jioni alinipakulia humo humo: ugali laini vijiko vitatu, ameuponda na mchuzi. Akakaa mbele yangu tena, ila safari hii haangalii koo, anaangalia mkono. Nilipoweka kijiko chini hakusema niongeze. Aliuliza panauma wapi, baada ya dakika ngapi, na nikiwa dukani nani ananifunika nikilala kwenye magunia. Kwa mpangilio ule nilikuwa nimeulizwa na daktari tu, na daktari alikuwa na foleni.

Asubuhi bodaboda ikafika, na hapo ndipo akaleta suala la hela.

"Laki nane zangu nilitoa kwa ajili ya uvimbe. Uvimbe haukuwepo. Nirudishie."

"Nakutumia leo leo kwa simu. Na ya kutolea naweka."

"Kwa simu sitaki. Lete mkononi. Elfu ishirini, kila Jumamosi."

Nilipiga hesabu nikiwa nimeshapanda pikipiki, nikairudia. Jumamosi arobaini. Nauli ya kwenda na kurudi ni elfu kumi na mbili, kwa hiyo mpaka deni liishe nitakuwa nimemwaga laki nne na elfu themanini barabarani. Nikamwambia Tunduma nzima hakuna mfanyabiashara anayelipa deni namna hiyo. Nikaomba basi tufanye elfu hamsini hamsini, ziishe kwa safari kumi na sita.

"Sijakuomba haraka," alisema, akanifunga kifungo cha juu cha sweta ya pili. "Elfu ishirini. Jumamosi uje nayo, na usije umekula."