Siku ya Mwisho Msizamie

Siku yangu ya kwanza kazini sikuingia majini. Nilipewa mtungi wa hewa, nikaambiwa niufungue kidogo na kuunusa.

"Unasikia harufu gani?" akaniuliza Mzamiaji Mkuu.

"Hakuna, mzee."

"Nusa tena."

Nikanusa tena. Hakuna.

"Basi huo ni mzuri. Sasa nusa na huu."

Wa pili ulinuka moshi, kama lori linalopanda mlima. Alinieleza kwamba aliyeujaza aliweka kompresa, yaani mashine inayosukuma hewa ndani ya mtungi, karibu na bomba la moshi la jenereta. "Hapa juu moshi huu utakuumiza kichwa tu," alisema. "Kule chini utakulaza, na hakuna wa kukuamsha."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kisiwani Mfangano, katikati ya ziwa, katika kambi ndogo ya wageni. Wengi walikuja kuvua mbuta, wale sangara wakubwa. Wachache walikuja kuzamia, na hao ndio waliokuwa kazi yetu. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la saba, nikabeba magunia mpakani Isebania, na kuogelea sikujua. Kwetu ni milimani, juu ya Isebania, na maji tuliyoyafahamu ni ya kisima.

Mzamiaji Mkuu alikuwa mtu wa Mombasa. Alikuwa amezamia chini ya meli bandarini kwa miaka mingi kabla ya kuja ziwani. Mguu wake wa kushoto aliukokota kidogo, nami nilidhani ni uzee. Kiswahili changu kilimchekesha. "Marwa," aliniambia, "wewe husemi Kiswahili, unakipasua kama kuni."

Ninaandika haya kwa sababu watoto wa dada yangu na marafiki zao wanapanga likizo ya kuzamia huko pwani, wakaniuliza wajiandae vipi. Nitawaambia nilivyofundishwa.

Kwanza, msilipe mahali kabla ya kuuliza nani hujaza mitungi na mashine imesimama wapi. Nuseni hewa yenu wenyewe. Anayekasirika ukinusa mtungi wake, mwache na mtungi wake. Pili, mwenye mafua asiingie majini, hata kama amekuja kutoka mbali. Ukishuka, maji yanasukuma masikio. Unabana pua na kupuliza taratibu ili yafunguke. Yakikataa, unapanda kidogo na kujaribu tena. Yakikataa tena, siku hiyo umepumzika. Na usizuie pumzi kamwe. Hewa uliyovuta chini hutanuka ukipanda, na isipopata njia itapasua pafu. Mzamiaji Mkuu alinifundisha kuogelea katika bwawa la kambi, akanifanya nihesabu kwa sauti kila nikipanda juu, ili pumzi itoke, mpaka wavuvi wakaniita mwalimu wa hesabu.

Kisha akanishusha ziwani. Sina elimu ya kueleza vizuri nilichokiona. Maji ya ziwa letu si meupe kama ya pwani. Ni ya kijani, na siku nyingine huuoni mkono wako. Siku hiyo yalikuwa yametulia. Kwenye miamba walikuwako fulu, samaki wadogo kuliko kidole, buluu, wekundu, wa manjano, wengi mno, na kila mmoja akilinda kijipango chake kama mwenye shamba. Juu yangu mwanga uliteremka kama unaopita kwenye majani ya migomba. Nilisikia pumzi yangu ikiingia na kutoka, sauti niliyobeba tangu nizaliwe bila kuisikiliza. Nikawaza kwamba mambo haya yalikuwa hapa siku zote, nami nikibeba magunia. Nilipotoka niliketi botini na mtungi bado mgongoni, macho majini. Mzamiaji Mkuu akamwambia mwendesha boti, "Mwache. Amekutana na ziwa lenyewe."

Kitu kilichonishangaza zaidi hata kuliko samaki ni jedwali. Jedwali ni karatasi ya hesabu inayosema ukikaa kina hiki, dakika hizi, upumzike kwa muda gani. Ukiwa chini, hewa inaingia katika damu na nyama yako na kukaa humo, kimya, kama gesi katika chupa ya soda iliyofungwa. Ukipanda polepole inatoka bila fujo. Ukipanda haraka, umefungua chupa. Mapovu yanaingia kwenye magoti, kwenye uti wa mgongo, popote. Ndipo Mzamiaji Mkuu alipokunja suruali akanionyesha ule mguu. "Nilikuwa na haraka," alisema. "Kulikuwa na harusi."

Ziwa letu liko juu sana kuliko bahari, kwa hiyo majedwali ya bahari hayalifai jinsi yalivyo. Tulikuwa na yetu, yaliyopigiwa hesabu ya mwinuko. Na kupanda hakuishi unapotoka majini. Ndege ni kupanda. Barabara ya kwenda milimani nayo ni kupanda. Mtu anaweza kutoka majini salama, akaumia akiwa ameketi garini. Aliyezamia zaidi ya mara moja, tulimtaka akae usawa wa ziwa siku nzima, saa ishirini na nne. Wageni hawakupenda sheria hiyo, kwa maana ndege ilikuwa ikiwachukua kisiwani kila Jumapili, na kila mmoja alitaka kuzamia mpaka dakika ya mwisho. Kuwakatalia ilikuwa kazi yangu. Niliwaambia kila Jumamosi: siku ya mwisho msizamie. Nilijivunia kusema hivyo. Nilijiona mkubwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mgeni mmoja, bwana mpole aliyejua Kiswahili kidogo, aliangusha kamera yake ya kuzamia kutoka kwenye boti, jioni kabla ya safari. Ndani yake zilikuwamo picha zake zote. Sheria ilimzuia yeye kuifuata, maana kesho yake saa saba anapanda ndege. Mimi sikuwa nasafiri. Asubuhi nikashuka mita ishirini na tano, nikapapasa matope, nikaikosa. Nikapumzika, nikashuka tena, nikaipata. Saa nne nilikuwa gatini, bwana yule akinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Saa tano Meneja wa kambi akaja kutoka chumba cha redio ya mawasiliano. Alikuwa Mjaluo wa Homa Bay, mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alitembea kama amebeba kitu kinachomwagika.

"Marwa, omera, ndugu yangu, kaa chini kwanza."

Nikakaa.

"Mama ameenda. Usiku wa kuamkia leo. Wanazika kesho saa sita." Akanishika bega. "Nimeongea na rubani. Kiti kimoja kiko. Anakushusha Migori, hapo Suna unapata gari la Isebania. Saa kumi uko nyumbani."

Mimi ni kifungua mimba. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye hutupa udongo wa kwanza kwenye kaburi la mzazi. Mama aliitwa kwa jina langu, Mama Marwa. Nikainuka.

Mzamiaji Mkuu alikuwa akikunja mpira wa kompresa. "Hapandi," alisema bila kuinua kichwa.

"Mzee, ni mamake!" Meneja akasema.

"Nimesikia. Hapandi. Ametoka majini saa nne. Mara mbili, mita ishirini na tano."

"Kwani wewe mtu wa pwani huna mama?"

"Ninaye, kaburini, na mimi ndiye niliyemlaza. Huyu sitaki amfuate wake leo."

Nikamwambia kwa hasira, "Mzee, mama hafi mara mbili."

"Wala wewe, mwanangu."

Ndipo yule bwana, kamera bado ikiwa shingoni, akasema polepole, macho yakiwa chini, "Jana Marwa alituambia sisi vivyo hivyo: aliyezamia hapandi."

Hakuna aliyenishika. Ndege ilikuja, mlango ukawa wazi, kiti nilikiona. Niseme kweli: sikubaki kwa sababu ya hekima. Nilibaki kwa sababu ya woga. Nilitazama mguu wa yule mzee, nikawaza nikifika nyumbani nimebebwa, kilio kikiwa kimeshajaa watu. Ndege ikaondoka na kiti kitupu.

Alasiri Mzamiaji Mkuu alinisindikiza kwa boti hadi Homa Bay, kwa kuwa huko bado ni usawa wa ziwa. Tulilala huko. Asubuhi tuliketi stendi na mkoba wangu, yeye akitazama saa yake, magari ya Rongo na Migori yakijaa na kuondoka mbele yetu. Hakujaribu kunifariji. Ilipotimia saa nne akasema, "Sasa nenda," akageuka haraka, akaenda zake akiukokota mguu.

Njia nzima nilihisi kila kilima. Barabara niliyoipita tangu utotoni, sikuwahi kujua inapanda kiasi hicho.

Nilifika saa tisa. Watu walikuwa wakila. Baba mdogo alinipokea kwenye lango.

"Tulikungoja mpaka jua likageuka," alisema. "Ndugu yako ndiye aliyetupa udongo. Ulikuwa wapi?"

Ningeweza kusema gari liliharibika. Nikasema, "Jana asubuhi nilikuwa chini ya ziwa, natafuta kamera ya mgeni. Mtu akitoka huko hawezi kupanda milima siku ile ile. Damu inakataa."

Hakuelewa, naamini, na sikumlaumu.

"Ukaipata?"

"Niliipata."

"Haya," akasema, akaniongoza hadi kaburini, akasimama mbali kidogo. Udongo ulikuwa bado mbichi.

Nilifanya kazi ile miaka mingine tisa, nikawa mimi ninayewapa vijana mitungi wanuse. Mzamiaji Mkuu alirudi kwao, na habari za kifo chake zilinifikia akiwa ameshazikwa. Naye sikumtupia udongo. Watu huniuliza kama ile sheria iliniokoa. Sijui. Huenda ningepanda ndege ile nikashuka mzima, nikamzika mama, na leo ningekuwa nawaambia habari nyingine. Jambo lisilotokea halina shahidi. Najua tu kwamba hewa hukaa ndani ya mtu bila yeye kuihisi, na kwamba kila ninapoliona ziwa kutoka mbali, bado moyo hunisimama kwa uzuri wake, hata baada ya yote.

Kwa hiyo, wanangu, nendeni. Mtaona vitu ambavyo mdomo hauwezi kuvibeba. Lakini mkipanga siku zenu, siku ya mwisho iacheni tupu. Kaeni ufukweni, mle, mlale, msiingie majini kwa sababu yoyote, hata ndogo, hata ya kumfurahisha mtu. Jedwali litawaambia ni kwa ajili ya damu. Mimi nawaambia, huenda siku hiyo mtu akawaita nyumbani.