Nilivyokalimani Posa ya Mwende

Hii aibu nilikuwa nimeizika kabisa, na singeisimulia kama si Mwende mwenyewe kuitoa juzi mbele ya watu tukila, kwa hivyo afadhali mnisikie mimi mwenye makosa kuliko muipate huko nje imeongezwa miguu na mikono.

Mwende ni binti ya anti yangu Ndunge, dada mdogo wa mama. Mimi nasoma Kifaransa, darasa la jioni, na wakati huo tulikuwa tumefika pale panaitwa plus-que-parfait, yaani mambo yaliyokuwa yamekwisha kutendeka kabla ya mengine kutendeka (na nani huwa anahitaji hayo, mniambie). Mtihani ulikuwa Jumatatu. Sasa kichwa changu hakishiki kitu mpaka nikiseme kwa sauti, basi wiki nzima pale kwa bomba la ploti yetu ya kupanga, mtaa wa Mbotela, nilikuwa nafua nguo huku nakariri j'avais vendu, tu avais vendu, il avait vendu, nilikuwa nimeuza, ulikuwa umeuza, alikuwa ameuza, mpaka wamama wakaanza kuambiana kwamba huyu Kanini ameiva, anaongea kama mzungu. Niliwasikia. Sikukataa, na mjue nilifurahi sana.

Mwende naye alikuwa amepata mchumba, Espoir, Mkongomani anayeshona mashati ya kitenge, kijana mpole, na Jumamosi hiyo watu wake walikuwa wanatoka Goma kuja kuposa. Anti Ndunge akanijia kwa bomba. "Kanini, wewe ndiye utatuongelea na hawa wageni." Hapo ndipo ningesema, anti, mimi najua vitenzi tu. Nikamwambia, "Hiyo ni kazi ndogo, anti."

Na Espoir je, si alikuwa anaongea Kiswahili? Alikuwa anaongea, lakini sisi tulidhani amekiokota hapa Nairobi. Kwetu Mkongomani ni Kifaransa na Lingala, basi, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Halafu kwetu Wakamba wazee wakizungumzia mahari, bwana na bibi harusi hawakai hapo. Mwende alikuwa chumba cha ndani na wasichana wenzake, Espoir nje anangoja kuitwa.

Wageni wakaingia, mzee mmoja wa suti na dada yake, mama mnene wa kitenge kizuri ajabu. Anko Mutua, msemaji wetu, akasimama akasema tumewatafutia mtu wa kuwaongelesha kwa lugha yao, akaninyooshea mkono. Nikasema bonjour, nikawakaribisha, hiyo nilijua. Mzee akafurahi, akajibu kwa Kifaransa kinachokimbia kama maji, na mimi sikushika hata neno moja.

"Anasemaje?" Anko akauliza.

"Anasema wamefurahi kufika."

Anko akaanza mambo ya mbuzi, na blanketi za kina mama, na asali ya wazee. Watu wote wakanigeukia. Jamani, Kifaransa chote kilinitoka, kikabaki kile cha bomba. Nikakaza uso, nikamtazama mzee, nikasema j'avais vendu, tu avais vendu, nikateremka nacho mpaka ils avaient vendu, polepole, kwa heshima. Mzee akamtazama dada yake. Dada yake akaangalia chini. Mzee akaitika kwa kichwa, oui, oui, na mimi nikageuka nikasema, "Wamekubali."

Anko alivyoona mambo ni rahisi hivyo akaota pembe. Akasema kwa Kiswahili, sauti juu, bila kunong'ona, "Waongezee mbuzi hao, si mnaona viatu vinavyong'aa? Pesa wako nazo!" Watu wakacheka. Mimi nikauza tena, nafsi ya kwanza mpaka ya mwisho.

Kisha anti Ndunge akanishika mkono. Akasema, "Kanini, waambie mimi sina neno na mbuzi. Waambie huyu ndiye mtoto niliye naye peke yake, naogopa watampeleka huko kwao nisimwone tena." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Na mimi, Mungu anisamehe, nikawageukia wageni nikaanza tena, j'avais vendu.

Sikufika mbali. Yule mama wa kitenge aliinua mkono akaninyamazisha, akamtazama anti, akasema, "Mama, usilie. Sisi tunasikia Kiswahili, Goma ndicho tunaongea. Tangu tuingie tunasikia."

Anko Mutua akaketi bila kuangalia kama kiti kiko.

"Tuliona mumetuwekea mutu wa Kifaransa," mzee akaeleza, "tukasema labda ni desturi yenu. Mugeni hawezi kukosoa desturi ya watu." Akanigeukia. Kumbe alikuwa amefundisha Kifaransa shuleni mpaka akastaafu. "Binti, hicho kitenzi umekishika. Lakini kwa nini ulikuwa unatuuzia?"

Nilitamani ardhi inimeze. Dada yake hakucheka. Alihama kiti akaenda kukaa karibu na anti, akamwambia Mwende akitaka kuja kuona mama yake atakuja, hakuna mutu atamufunga. Wakashikana mikono wakaongea wenyewe, na mbuzi wa Anko wakarudi vile walivyokuwa bila yeye kufungua mdomo tena.

Posa ilipita. Lakini jioni wageni walipoondoka Mwende aliniita chumbani. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia pazia.

"Mama aliposema anaogopa kunipoteza," akaniuliza, "wewe uliwaambia nini?"

Ningeweza kudanganya, nilikuwa nimezoea siku hiyo. Nikamwambia, "Niliwaambia nilikuwa nimeuza." Alicheka mpaka akalia, halafu akalia kweli, na mimi nikalia naye. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza kama najua Kifaransa namwambia hapana, hata mwalimu wangu.