Ng'onda Si Chumvi

Juzi zahanatini Malindi, tulipopanga foleni ya kupimwa presha, nesi alimkazia macho mzee mmoja wa Magarini.

"Baba, presha imepanda tena. Utapooza! Chumvi hukuacha?"

"Haki ya Mungu, mama, hata kopo lake nimelitupa."

"Na kitoweo?"

"Ng'onda."

"Si samaki wa chumvi huyo!"

"Aa, hiyo kaitia mvuvi, si mimi."

Nilicheka hadi miwani ikanidondoka, mimi niliyezunguka dunia nikijiona mjuzi. Zamu yangu ilipofika, nesi alipima mkono wa kulia, akarudia wa kushoto, akaandika kwenye kadi yangu.

"Wewe unaanza dawa leo. Kila siku, hata ukijisikia mzima."

Mzee akasogea kwenye benchi, akanipigia-pigia nafasi kwa kiganja. "Keti, mwanangu. Ila ucheke polepole."