Kigelegele cha Célestine

Pale Observatory, mtaa wa Johannesburg, Wakongo wakiwa na harusi walimtafuta kwanza Célestine, mpishi baadaye. Gauni alishona yeye, pini zimebanwa midomoni, na siku yenyewe ndiye aliyetangulia kupiga kigelegele. Kilikuwa kikali na kirefu, hata jirani mmoja Mzungu aliwahi kutoka nje mbio akidhani king'ora cha nyumba yake kimelia. Célestine alikuwa akiisimulia hadithi hiyo mwenyewe, tena bila haya.

Mwaka 2017 bintiye wa pekee, Chloé, alichumbiwa. Mwaka huohuo Célestine alikwenda Ubelgiji kumzika kaka yake, aliyekuwa na nyumba kandokando ya msitu, akarudi Johannesburg na duara jekundu pajani, pana kama kisosi. Daktari Monicah, Mkenya, alimhoji mpaka akaufikia ule msitu, kisha akamwambia kuwa ameumwa na kupe na ugonjwa wenyewe unaitwa Lyme. Alimpa vidonge vya wiki tatu, asiruke hata siku moja. Célestine, ambaye hakupenda kushtukizwa na jambo lolote, alitaka aambiwe kama utampanda kichwani.

"Mama, hilo siwezi kukutabiria," daktari alisema. "Kuna ambao unaishia kwenye ngozi, na kuna ambao unaingia kwenye mishipa ya fahamu. Mdomo ukienda upande, au shingo ikikaza, usingoje kesho. Njoo."

Basi wiki iliyofuata kanisa likafunga kavu kuiombea harusi ya Chloé: si chakula, si maji. Kiongozi wa akina mama wa maombi alikuwa Célestine. Angemezaje kidonge kwa maji, naye ndiye aliyewakemea wanaoonja mchuzi jikoni siku za mfungo? Akavifungia kabatini, akijiambia Mungu anajua. Mfungo ulipokwisha, duara lilikuwa limefifia, akaona amepona, asivirudie tena. Watu wazima nao wana utoto wao.

Asubuhi moja akiwa kwenye cherehani, pini zikamdondoka. Akazibana tena, zikadondoka tena. Kwenye kioo aliona mdomo umevutwa kushoto na jicho la kulia halifumbiki. Maneno ya daktari aliyakumbuka, na hilo ndilo linaloumiza. Lakini akina mama walisema ni roho ya msiba imemfuata kutoka Ulaya, wakamwekea mikono, wakaongeza mfungo. Angekataaje kuombewa na watu wake? Alipofika kwa Daktari Monicah, shingo ilikuwa imekaza na maumivu ya mgongo hayamwachi alale.

Alilazwa, akatiwa dawa kwenye mshipa. Shingo ililegea, maumivu yakaisha. Uso ulirudi kidogo, ukakomea njiani. Daktari hakumkaripia, na Célestine alitamani angemkaripia.

Siku ya harusi Chloé alitoka nyumbani amevaa gauni alilolishona mama yake, safari hii pini zikiwa kwenye kopo. Wanawake walinyamaza, wakimsubiri mwenyewe aanze. Célestine akaweka kiganja mdomoni, akavuta pumzi, akapiga. Ukatoka upepo, na mate. Wakaendelea kusubiri, mpaka rafiki yake Brigitte akapiga kutoka nyuma, na wengine wakamfuata.

Kabla ya kuingia kwenye gari, Chloé, ambaye Kiswahili alikielewa kuliko alivyokisema, alimsogelea mama yake.

"Mama, juu ya nini haukunipigia?"

Célestine alijifuta pembe ya mdomo kwa leso.

"Nilipiga, mtoto wangu."