Mawingu Yanapita Kwenye Shavu la Mama

Saa tano asubuhi, mtaa wa Madhapur, Hyderabad. Swarupa Gaddam ameinamia kioo cha kompyuta mpaka pua yake inakaribia kukigusa. Chai yake imepoa na kufanya utando. Mtu amepita akimuuliza kama aletewe upma, ule uji mzito wa asubuhi, naye amejibu neno moja tu: "Niache!"

"Hebu njoo uone," ananiambia mimi mwandishi, bila kugeuka. "Mawingu yanapita kwenye shavu la mama yangu."

Kweli yanapita. Kwenye kioo kuna mwanamke ameinama shambani, sari ameikunja kiunoni, miche ya mpunga mkononi. Huyo ni Lachavva, mama mzazi wa Swarupa. Pale lilipotakiwa kuwa shavu pana tundu, na ndani ya tundu hilo unaona anga la buluu na wingu likitembea zake.

Swarupa ni muunganishaji wa picha za filamu. Watu wanatengenezwa kwenye kompyuta hii, anga kwenye ile, moto kwingine kabisa, na yeye anavikutanisha vionekane kama vilipigwa picha siku moja. Ili mtu asimame mbele ya anga, picha yake lazima ije na tabaka la nne, juu ya yale matatu ya rangi. Tabaka hilo ni la nyeupe na nyeusi. Palipo peupe, mtu anabaki. Palipo peusi, pako wazi, cha nyuma kinaonekana. Kijivu ni nusu kwa nusu, na huko ndiko zinakokaa nywele. Hapa studio wanaliita alfa.

"Nikikosea alfa, mtu anakatika sikio," anasema. "Au anatembea na ukingo mweusi kama amechorwa na mkaa."

Mama yake aliingiaje humo? Watu wa filamu walikwenda kijijini kwao, wilaya ya Jangaon, wakawapiga picha wapanda mpunga kutoka kila upande. Wakawapa sari mpya na chakula cha mchana. Kompyuta ikawazidisha wanawake wale wachache hadi wakajaza bonde zima, ili shujaa wa filamu apite mbele yao na farasi wake. Lachavva aliwekwa mstari wa kwanza. Tangu siku hiyo kijiji hakipumui kwa majigambo yake.

"Mama amemwambia hadi kondakta wa basi," anasema Swarupa, na hapo anacheka kidogo. "Anasema yeye na shujaa wamecheza pamoja."

Kicheko hakikudumu. Wiki hii picha za shamba zilipoletwa mezani kwake, tabaka la nne halikuwemo. Aliyezipika, maana studio picha hupikwa, yaani kompyuta huzikokotoa mpaka zikamilike, alisahau kuweka alama kwenye kijisanduku kimoja tu. Wanawake wote wakaja wamebandikwa kwenye weusi mtupu.

Dawa ipo, na ni rahisi: kuwapika upya, bila taa wala rangi, weupe watupu juu ya weusi. Swarupa aliomba hivyo. Msimamizi wake, Phanindra, alikataa. Mashine zote za kupikia zinashughulikia farasi wa shujaa. Farasi! Akaamuru itumike njia ya mkato ambayo studio hiyo imeizoea: alfa itolewe kwenye mwangaza. Kinachong'aa kibaki, chenye giza kiondoke.

Kwa moto, cheche na moshi njia hiyo haina ubaya. Filamu iliyopita waliitumia hata kwa wacheza ngoma wa ikulu, weupe kama maziwa, na hakuna aliyelalamika. Lakini wapanda mpunga wa Jangaon wameiva kwa jua. Mashine iliwatazama wanawake hao, ikaona giza, ikawafuta. Zikabaki sari na bangili zikielea juu ya matope.

Nilikuwepo Swarupa alipomwita msimamizi aje aone.

"Bosi, watu hawana nyuso."

"Si uwapandishie mwanga?" alisema Phanindra. "Wang'arishe kwanza, halafu utoe alfa. Utamaliza kabla ya chakula."

"Niwang'arishe mpaka wapi?"

"Mpaka mashine iwaone, dada! Wapake poda kidogo, kwani nini? Nani analipa tiketi aje kuangalia sura ya mpanda mpunga?"

"Mpanda mpunga mwenyewe analipa. Yule pale ni mama yangu."

Phanindra alikitazama kioo, akamtazama Swarupa, akatabasamu. "Basi utakuwa umemfanyia hisani," alisema. Wawili watatu wakacheka. Mimi nilitamani kumrushia kile kikombe cha chai.

Baadaye nilimfuata ofisini kwake. "Watazamaji wanapenda uso unaong'aa," alinijibu, akichezea simu. "Mimi sikuumba dunia." Nikamuuliza kama yeye mwenyewe, ambaye ni maji ya kunde, angebaki kwenye picha ile. Alisema ana kikao.

Swarupa alikataa. Amekaa anawakata wanawake wa mstari wa mbele kwa mkono, akizungushia kila kichwa mstari, kila shavu, kila kidole, picha baada ya picha. Kifundo cha mkono kimevimba, amekifunga kitambaa. Jirani yake wa meza, Imtiyaz, alipewa mistari ya nyuma. Yeye aliwapaka weupe, akawatoa alfa, akamaliza.

"Usinitazame hivyo, dada," Imtiyaz alimwambia. "Wako mbali, hakuna atakayewaona."

"Shangazi yangu yuko huko nyuma, mjinga wewe."

"Nina mtoto wa wiki mbili, Swarupa."

Swarupa alirudia kuchora mistari yake. Naye ana wa kwake wa kumfikiria: mshahara huu ndio unaomsomesha mdogo wake uuguzi. Asubuhi hii Phanindra amempa neno la mwisho. Kabla ya saa tisa alete picha iliyong'arishwa, vinginevyo anamwaga unga. "Akinifukuza atanifukuza," anasema, na hasira hiyo si ya mchezo.

Saa nane na nusu anampigia mama yake, anaweka simu juu ya meza tusikie wote. Anamweleza yote, bosi, poda, kazi. Anangoja mama amuunge mkono.

"Sasa ugomvi wa nini?" inasema sauti ya Lachavva. "Mng'arishe mama yako!"

"Mama?"

"Tangu niolewe wananiita chungu cha jikoni. Mama mkwe wangu amekufa ananiita hivyo. Mwanangu ana mashine ya kunitoa weusi, halafu anagoma? Nipake, mwanangu. Siku moja tu, kijiji kinione mzuri."

Swarupa anafunika uso kwa viganja vyote viwili. Imtiyaz anaangalia chini. Phanindra, ambaye amesimama mlangoni na amesikia kila kitu, anainua mikono kana kwamba ameshinda kesi.

"Mama," anasema Swarupa hatimaye, na sasa analia waziwazi, "uko mzuri hapa. Nimekutazama wiki nzima kwa karibu kuliko mtu yeyote aliyewahi kukutazama. Sitakupaka."

"Mtoto mkaidi!" Simu inakatika.

Anafuta macho kwa ncha ya skafu. Mistari ya mwisho inafunga ukingo wa taya, tabaka la nne linajaa weupe, na wingu linahamia nyuma ya kichwa cha Lachavva, mahali pake. Uso ni ule ule aliotoka nao kijijini. Mbele ya macho ya msimamizi wake, Swarupa anaituma picha hiyo.

Anachotarajia ni kitu kimoja: akiwa na kazi au hana, siku filamu itakapofika Jangaon atakaa ukumbini karibu na mama yake. "Najua atanisema njia nzima," anasema, akikusanya vitu vyake. "Aniseme. Ila atakapotokea pale mbele, nitamshika mkono mpaka ajitazame."