Pendekezo la Sura ya Saba

Aliyelisoma daftari vibaya ni afisa wa nyumba. Aliyeona kwamba limesomwa vibaya, akasimama mbele yake na kalamu mfukoni, akanyamaza, ni mimi. Naanza na hayo kwa sababu kwa miaka mingi mtaani kwetu lawama imerushwa kwa wasiohusika: kwa jirani mwenye wivu, kwa mwajiri, hata kwa vitabu. Vitabu havikumtoa mtu nyumbani kwake. Tulimtoa sisi wawili, mmoja kwa uzembe na mwingine kwa woga, na anayeandika haya ndiye mwenye woga.

Nilikuwa karani wa ukumbi katika mtaa mmoja ulio kando ya Barabara ya Jogoo, upande wa Makadara. Nilitunza funguo, nikaandika nani amechukua ukumbi kwa harusi na nani kwa mkutano wa kanisa, na nikasimamia chumba cha kusomea kilichokuwa nyuma ya jukwaa. Kilikuwa chumba cha makabati mawili, meza moja ndefu na dirisha lililotazama kiwanja cha nyasi. Vitabu vyetu vyote vilikuwa vya kupewa. Vingi vilikuwa vya shule, vimechakaa. Lakini mwalimu mmoja, alipostaafu na kurudi kwao, alituachia vitabu vyake vya historia, muziki, ndege na miti, na hivyo ndivyo vilivyogombaniwa na watu.

Chumba hicho kilikuwa na desturi yake. Kitabu hakikurudi kabatini. Msomaji alipokimaliza alikileta mezani na kutaja mtu atakayekisoma baada yake, na sababu. Bila sababu hakikupokewa. Nilipoanza kazi, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilikuta mapendekezo hayo yakiandikwa popote: nyuma ya pakiti ya sigara, pembeni mwa gazeti, juu ya kiganja. Sikuweza kuvumilia fujo hiyo. Nilifungua daftari kubwa lenye jalada jeusi, nikachora safu kwa rula: Tarehe, Kitabu, Kutoka, Kwa, Pendekezo. Kila neno la msomaji nililinakili kwa mwandiko wangu, bila kupunguza wala kuongeza. Majina sikuandika, maana mtaani petu jina moja lilikuwa na wenyewe watano. Niliandika namba za nyumba. Haukupita muda wasomaji wakaanza kuitana kwa namba, na mimi, nakiri, nilifurahi.

Jumamosi alasiri chumba kilijaa. Nakumbuka siku moja mwalimu wa kwaya, ambaye siku za kazi alipakia sabuni kiwandani, aliweka mezani kitabu cha ala za nyuzi.

"Karani, andika. Hiki kiende kwa Sitini na Tatu. Pengine kitamfundisha sauti, maana Jumapili alituharibia wimbo mzima."

Sitini na Tatu alikuwa dereva wa lori, mtu wa Ukambani, mpana wa mabega. Kwa vitabu vya ndege alikuwa kama mtoto mbele ya sukari. "Mwalimu," alisema, "mimi siimbi. Mimi napiga honi. Nitafutie kitabu cha honi."

"Cha honi hakuna. Kuna cha punda wanavyolia, kiko upande wako wa wanyama."

"Basi ndicho ulichofundishia kwaya."

Watu walicheka hadi benchi likasogea. Aliyecheka zaidi ni mama wa nyumba namba kumi na mbili. "Mwacheni mtu wa watu," alisema akijipangusa macho. "Hapa ni yeye peke yake anayejua jina la ndege anayemwamsha asubuhi."

Kumi na Mbili alikuwa mjane kutoka magharibi, mshonaji wa magunia katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Nyumba aliyoishi na watoto wake wanne ilikuwa ingali imeandikwa kwa jina la marehemu mumewe. Ofisi iliyosimamia nyumba zetu ilijua, na ilikuwa haijasema ndiyo wala hapana. Kila alipoona barua yenye mhuri mikononi mwangu, hata kama ilikuwa ya mabomba, alishika ukingo wa meza. Alisoma historia tu. Alisoma kama mtu anayetafuta hati iliyopotea.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, vigingi vilionekana kiwanjani. Tuliamka tukavikuta, vyenye rangi nyekundu kichwani, vimepangwa mraba. Hakuna aliyetuambia lolote. Kiwanjani hapo ndipo watoto walipochezea, wanakwaya walipozunguka wakipasha sauti, na ndege weupe waliposhuka baada ya mvua. Dereva alikuwa amempendekezea Kumi na Mbili kitabu chake cha ndege kwa maneno haya, niyakumbukayo vizuri kwa kuwa niliyanakili: "Tazama ukurasa wa yangeyange. Ni wale wale wetu wa kiwanjani. Waambie watoto wasiwarushie mawe."

Kumi na Mbili alikisoma, akakirudisha, na juma lililofuata akaweka mezani kitabu chenye jalada la kijani kilichoeleza jinsi mitaa ya wafanyakazi jijini ilivyojengwa. Alisema kiende kwa Sitini na Tatu, kulipa hisani ya yangeyange. Kisha akanisomea pendekezo kutoka kwenye kipande cha karatasi ya unga, polepole, ili nisikose neno:

"Soma sura ya saba. Inasema viwanja vya wazi viliachwa kwa ajili ya wapangaji. Halafu simama dirishani, uhesabu vigingi, uulize vimewekwa na nani."

Kalamu yangu ilisita. Nilimtazama.

"Mama, una hakika?"

"Kwani nimetukana mtu, karani?"

Hakuwa ametukana. Nikaandika: Kutoka 12. Kwa 63. Wino ulipokauka nilitaka kuukata mstari huo, lakini nilijiambia kwamba karani hana haki ya kukata maneno ya msomaji.

Mwalimu wa kwaya aliyaona maneno hayo daftarini akayapenda, akayasoma kwa sauti kwenye mazoezi ya kwaya. Kutoka hapo yalitembea. Bombani watu waliulizana, "Sura ya saba umeisoma?" hata wale ambao hawakuwa wamefungua kitabu tangu shule. Kwenye mkutano wa wapangaji mtu aliyekaa nyuma kabisa alisimama na kumuuliza afisa wa nyumba, mbele ya watu wote, vigingi vimewekwa na nani. Afisa hakujibu. Siku ya pili alikuja ukumbini.

Hakuketi. Alisema ameambiwa kuna daftari la uchochezi. Nilimwambia kuna daftari la mapendekezo ya vitabu. Alinyoosha mkono. Nikampa, kwa kuwa lilikuwa mali ya ukumbi na ukumbi ulikuwa chini ya ofisi yake. Alifungua kurasa akipita muziki, akipita ndege, hadi alipofika. Aliweka kidole juu ya mstari, nami nikakiona kidole hicho kikiteleza kutoka kwenye pendekezo hadi kwenye safu iliyo karibu nalo zaidi, ambayo ni safu ya Kwa.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Ni wangu, bwana afisa. Mimi hunakili."

"Sikuulizi wewe. Nauliza maneno ni ya nani. Huyu sitini na tatu ni nani?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa ndefu kuliko watu wanavyofikiri. Nilisikia mtu akifua nyuma ya ukumbi. Nikimwambia kwamba amesoma safu isiyo yake, ataisoma iliyo yake, na atakuta mjane asiye na karatasi yoyote ya nyumba anayoishi. Dereva, nilijiambia, ana hati ya upangaji, ana mwajiri, ni mwanamume mpana wa mabega. Ningeweza pia kusema maneno ni yangu. Mwandiko ulikuwa wangu, nani angekataa? Lakini mimi nami nilikaa katika nyumba ya ofisi, na nilikuwa na watoto.

"Ni mpangaji, bwana," nilisema.

"Kazi yake?"

"Dereva."

Aliandika. Akachukua daftari pamoja na kitabu cha jalada la kijani, kilichokuwa bado mezani kikimngoja dereva. Nilimwomba stakabadhi, nikamkabidhi karatasi. Alicheka kidogo, akatia sahihi.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Kila tarishi aliyepita na baiskeli nilimfuata kwa macho hadi nione amesimama mlango gani. Nilijifunza kuhesabu milango kwa kutazama tu: hamsini na tisa, sitini na moja, amepita. Ofisini nilipanga na kupanga upya kabati lile lile. Mke wangu aliniuliza kama nina homa. Jumamosi dereva alikuja kama kawaida yake, amebeba kitabu cha ndege alichokiazima tena.

"Karani, mbona umekonda? Umenyimwa chakula?"

"Kazi tu."

"Lile jalada la kijani la Mama Kumi na Mbili wamelichukua, sivyo? Na hata sijalifungua! Nilikuwa bado kwenye kurasa za tai." Alicheka. "Sasa hiyo sura ya saba nitaisomea wapi?"

Nilitaka kumwambia. Badala yake nilianza kupanga vitabu mezani. Labda ofisi itasahau, nilifikiri. Labda faili litawekwa chini ya mafaili mengine, kama yawekwavyo yote.

Notisi ililetwa mwisho wa mwezi. Dereva aliileta kwangu moja kwa moja, kwa kuwa mtaani mimi ndimi niliyewasomea watu barua za ofisi. Ilimtaka ahame kwa kosa la kuandika maneno ya kuchochea wapangaji.

"Wewe ni mtu wa maandishi," alisema. "Nieleze. Mimi nimeandika wapi? Nimechochea nani, yangeyange?"

Nikamwambia yote. Nilimwambia kidole kilipoteleza, na nilivyokiona. Sikujitetea. Aliikunja notisi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Yule mama anajua?"

"Hajui."

"Ungesema, angekuwa yeye."

"Ndiyo."

"Na watoto wanne." Alipumua kwa nguvu. "Lakini ungeniambia mimi, karani. Siku ile ile. Ungeniambia tu. Mimi si gogo la kuwekwa mahali mtu anapotaka kujificha."

Nilichukua notisi mkononi mwake, nikainyoosha juu ya meza.

Alinifunga kwa neno moja: nisimwambie Kumi na Mbili, maana akijua atajipeleka mwenyewe ofisini. Nilimwomba basi aniruhusu niandikie ofisi kwamba nyumba namba sitini na tatu haikuandika pendekezo lile. Aliniruhusu, mradi nisitaje namba nyingine. Niliandika. Jibu lilikuja na mstari mmoja: nieleze, basi, ni nyumba gani iliyoandika. Barua hiyo nilikaa nayo siku tisa juu ya meza. Nilichovya kalamu mara nyingi. Sikujibu, wala sikuandika namba ya nyumba yangu mimi, ambayo ndiyo namba pekee niliyokuwa na haki ya kuitaja.

Dereva alihamia chumba kimoja cha mabati Mukuru kwa Njenga. Mwalimu wa kwaya na wanakwaya walimbebea vitanda kwa miguu. Kumi na Mbili alibeba sufuria. Njia nzima aliuliza, "Lakini kosa lake lilikuwa nini, karani? Mtu wa ndege! Kosa lake lilikuwa nini?" nami nikatazama mbele, nikiwa nimebeba kiti.

Kiwanja kilijengwa ghala. Chumba cha kusomea kilifungwa, na makabati yakachukuliwa. Dereva hakuwahi kurudisha kitabu cha ndege. Kingekuwa ndicho kitabu pekee ambacho daftari langu, kama ningekuwa nalo, lingeonyesha hakikurudi, na sijawahi kukiulizia.

Nimekaa kimya hadi mwaka huu, ambao nimepata habari kwamba mama wa nyumba namba kumi na mbili amezikwa kwao magharibi. Hakuna tena nyumba anayoweza kunyang'anywa, na dereva, nilipomtafuta, alinijibu, "Andika sasa. Lakini uandike yote." Nimeandika yote.

Kwa hiyo naitaka ofisi iliyorithi majukumu ya ile iliyosimamia nyumba zetu itoe daftari la jalada jeusi, ambalo stakabadhi ya kuchukuliwa kwake ninayo mkononi, yenye sahihi. Naitaka ilifungue kwenye ukurasa husika mbele ya dereva, isome safu ya Kutoka na safu ya Kwa, na ieleze kwa maandishi kwa nini mtu aliadhibiwa kwa maneno aliyopelekewa, kuhusu kitabu ambacho hakuwahi hata kukifungua. Naitaka iseme nani aliweka vigingi, kwa kuwa swali hilo liliulizwa kwa adabu na bado halijajibiwa. Na nataka mimi pia niitwe, siku hiyo hiyo, meza hiyo hiyo, niulizwe mbele yake kwa nini nilinyamaza, na jibu langu liandikwe na karani mwingine, neno kwa neno, bila kupunguzwa.