Ndama Mwenye Baka Jeupe

Siku ile zizini kwetu, Rejaf, walikuwepo mwenyekiti wa chama cha wafugaji na daftari lake, mtunza fahali wa chama, mjane aliyekuwa akingoja zamu yake, wadogo zangu wawili, na mimi. Ng'ombe wetu alikuwa amezaa alfajiri.

Chama kilikuwa mali yetu wafugaji, wengi tukiwa tumerudi kutoka Uganda baada ya vita. Ng'ombe wetu walistahimili jua na kupe, ila maziwa yao hayakujaza kibuyu. Tulichanga tukanunua fahali chotara, mweusi mwenye madoa meupe, ambaye mama yake alikuwa akijaza ndoo asubuhi na nyingine jioni. Tuliwataka binti zake. Kila mwanachama mwenye ng'ombe alimpeleka kwa fahali huyo, tarehe ikaandikwa, na ndama jike wa kwanza alikwenda kwa mwanachama anayefuata. Fahali wote wa nyumbani walipaswa kuhasiwa wasiharibu mbegu.

Sisi tulikuwa na fahali wa baba, mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Baba alimswaga kwa miguu tangu mpakani, na watu walimwita baba kwa rangi ya fahali huyo, kama ilivyo desturi. Mama alifia kambini; baba alifariki mwaka mmoja baada ya kurudi. Nikaacha shule nikiwa darasa la tano, niwalee wadogo zangu. Kumhasi fahali yule sikuweza. Nilikiambia chama nimemhasi, nikamfunga nyuma ya nyumba. Asubuhi moja niliikuta kamba imekatika. Chama sikukiambia.

Mwenyekiti alipitisha kidole kwenye ukurasa. "Kwa hii tarehe, mtoto imechelewa wiki tatu."

Mtunza fahali aliinama akamshika ndama kichwa. Ndama alikuwa jike, mwekundu, na baka jeupe usoni.

"Ng'ombe ikirudi joto baada ya wiki tatu, ikitafuta dume, unaleta tena kwangu," aliniambia. "Wewe ulileta?"

"Sikuleta."

"Fahali yangu haina rangi hii. Tunajua nani iko nayo."

Mjane hakuinama kutazama. Alikwishajenga kibanda cha ndama na kukausha nyasi. Alikuwa na wajukuu wanne na hakuwa na ng'ombe hata mmoja.

"Binti yangu," alisema, "hii ni fahali ya babako imevaa gauni tu. Itanipa maziwa ya chai moja."

Mdogo wangu wa kike alicheka, kisha akaziba mdomo.

"Ulisema umehasi," mwenyekiti akasema.

"Nilisema, mzee. Sikuhasi."

"Khalas, imekwisha." Akafunga daftari. Hawakunifukuza. Nilitakiwa kumhasi fahali, nirudishe ng'ombe kwa fahali wa chama, na ndama jike wa kwanza awe wa mjane.

Fahali alihasiwa wiki hiyo. Nilimshika pembe mwenyewe. Watu waliendelea kumtaja baba kwa rangi ileile. Ng'ombe alipopata joto nilimpeleka kwa fahali wa chama, na alipoonyesha joto tena nikampeleka mara ya pili. Alizaa kwa tarehe ya daftari, ndama mweusi mwenye madoa meupe.

Alikuwa dume.

Mjane alikuja, akamtazama chini ya mkia, akauliza ng'ombe atarudi lini kwa fahali. Nilimwambia baada ya mvua. Nyasi za kibandani kwake alikuwa amewapa mbuzi. Ndama wake bado ninadaiwa.